Dakika Iliyozidi

Dakika kumi na moja ziliingia kwenye kompyuta ya Tanko, na dakika kumi na mbili zikatoka.

Barira aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu alikuwa na daftari mapajani na alikwisha kuandika urefu wa faili ya kwanza: dakika kumi na moja, sekunde nne. Akaandika urefu wa ile mpya chini yake, akainua macho.

"Tanko, hii imeongezeka."

"Imeongezeka nini?"

"Dakika nzima. Ulichogeuza kilikuwa kumi na moja."

Dukani kwake Tanko alikuwa akihariri video za harusi za nusu ya mtaa wa Yakasai, na hakuna kitu cha kompyuta kilichomshangaza tena. "Malama," alisema, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa kuwa alikuwa mwalimu wa shule, "wenzako faili zikigeuzwa hupungua, wanakuja kunililia. Wewe umeongezewa, nawe unalalamika."

"Silalamiki. Nauliza dakika hiyo imetoka wapi."

"Muulize mdogo wako. Kanunua kamera inayosema lugha yake peke yake."

Hapo alisema kweli. Lawwali, mdogo wake Barira, alikuja Kano na kamera mpya, akamrekodi mama yao asubuhi moja uani, akahamishia faili kwenye flashi, kisha akarudi Kutonu kwenye biashara yake na kamera pamoja na ile diski ya programu iliyokuja nayo. Wiki tatu baadaye mama yao huyo, Inna Lantana, akafa. Faili ile ndiyo pekee iliyobaki na sauti yake, na kompyuta ya Tanko haikuitambua. Ilibidi kwanza igeuzwe iwe ya aina nyingine, ndipo ikatwe, itiwe maandishi na kuchomwa kwenye diski za ndugu watakaokuja kwa dua ya arobaini. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa Tanko. Nyingine hakumwambia.

Barira alikuwa mtoto wa kwanza. Katika nyumba kama yao, mama hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina, wala hambebi mbele za watu, wala hamtazami machoni anapoingia. Ni haya, na haya ndiyo heshima ya mwanamke. Alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa Goggo Dije, dada wa baba yake, nyumba ya tatu kutoka kwao, akalelewa huko. Inna alipotaka kumsema alisema "yule wa kwa Dije." Wadogo zake watatu waliitwa kwa majina yao mchana kutwa, wakiitwa kula, wakiitwa kuchapwa, naye akisikia yote kwa juu ya ukuta. Alipofiwa na mume, bila mtoto, alirudi kuishi na Inna miaka sita. Mwanamke yule alimpikia, akamfulia alipougua, akamwachia nyama ya chini ya sufuria, lakini jina lake hakulitaja. Miaka thelathini na nane, umri wake wote.

Kisha Lawwali akapiga simu. "Mwishoni nilimuuliza Inna habari zako, dada. Kwa jina lako kabisa."

"Akasema nini?"

"Mambo mengine hayasemwi kwenye simu. Tazama mwenyewe."

Sasa alikuwa akitazama, na picha haikuwa na sauti. Inna amekaa kwenye kigoda, mtandio umeshuka begani, midomo inakwenda. Anahesabu vidole: nani alitoka Damagaram, nani alizaa nani. Dakika ya kumi na moja ikafika, mahali ambapo Lawwali alizima kamera, lakini picha haikuzimika. Kigoda kikawa kitupu. Uani hapakuwa na mtu ila mtungi wa maji, ukuta, na kuku mmoja aliyekuwa akidonoa. Ikawa hivyo kwa karibu dakika nzima. Mwisho kuku akainua kichwa, akatazama kitu kilichokuwa nyuma ya kamera, akakimbia.

"Alisahau kuzima," Tanko alisema.

Barira aliandika: *kuku alikimbia.* Hakujua kwa nini aliona lazima aliandike hilo.

*

Siku mbili umeme haukurudi. Siku ya tatu Tanko akawasha jenereta, akajaribu programu nyingine aliyopewa na mwenzake sokoni. Iligeuza kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri, vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, limetanda mlangoni hata jua likaonekana kama sarafu chafu, na Barira hakuondoka kwenye benchi. Safari hii ilikuja sauti bila picha. Urefu wake ulikuwa dakika kumi na tisa.

Lakini ilikuwa sauti ya Inna. Barira aliinama akaweka sikio karibu na spika, akaandika kila jina la babu na bibi lilivyotajwa. Kisha akasikia sauti ya Lawwali, inacheka: "Na Barira je, Inna?"

Kikapita kishindo cha mkwaruzo, kama karatasi inayochanwa. Baada yake, kwa dakika nane, hapakuwa na kitu ila pumzi. Mtu alikuwa akivuta pumzi karibu sana na kipaza sauti, taratibu, kama anayengoja zamu yake ya kusema.

"Rudisha nyuma," alisema Barira.

"Nimerudisha mara nne."

"Rudisha tena."

"Malama, pale hapana kitu. Programu imekula." Adhana ya alasiri ikaanza. Tanko akasimama, akachukua birika lake. "Nimeiweka igeuze mara ya tatu. Ikikataa hii, tumsubiri Lawwali atume diski yake. Usiguse kitufe chochote."

Barira akabaki peke yake. Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa ukisogea asilimia moja moja. Barira alikuwa mtu wa kujizuia. Hata msibani alilia akiwa amefunika uso, akamaliza, akaenda kuosha vyombo. Lakini siku zilikuwa zimebaki sita, na jibu alilolisubiri tangu aanze kuelewa maneno lilikuwa mle ndani, chini ya mkwaruzo ule. Akasogeza mdomo kwenye kioo. Aliomba kitu ambacho mtoto wa kwanza haombi, wala hakuanza kwa jina la Mungu kama alivyofundishwa kuanza kila ombi.

"Niite," alinong'ona. "Inna, niite mara moja tu. Na kama huwezi wewe, basi yeyote anayeweza, na aniite nisikie."

Mstari wa kijani ulikuwa kwenye asilimia arobaini. Ukaruka hadi mwisho.

Dukani kukanuka udi uliomwagiwa maji.

*

Asubuhi yake Barira alimkuta Tanko amekaa nje, kwenye ngazi, uji wake wa koko umepoa mkononi.

"Mimi sikuigusa," alisema kabla ya salamu. "Nataka ujue hilo. Nilirudi kutoka kusali nikaikuta imemaliza, nikafunga duka. Leo nimeitazama."

"Ina nini?"

"Ina picha na sauti."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza kushukuru." Alishusha sauti, ingawa njia ilikuwa tupu. "Ni dakika thelathini na nane."

Waliingia. Tanko aliuacha mlango wazi, akasimama nyuma ya kiti badala ya kukaa. Dakika kumi na moja za kwanza zilipita sawasawa, ila mkwaruzo ulikuwa palepale. Baada yake kigoda kikawa kitupu, kuku akakimbia. Kisha Inna akaingia kwenye picha kutoka upande wa kamera, akakaa, akaitazama kamera moja kwa moja, midomo imefungwa, na sauti ikasema, "Barira."

Midomo haikuwa imefunguka.

Ikasema tena. Sasa midomo ilifunguka, lakini ilichelewa, kama kwenye filamu zilizotiwa sauti vibaya. "Barira." Mara ya tatu ilichelewa kidogo tu. Sauti nayo ilikuwa ikijirekebisha. Mwanzo ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma jina kwenye orodha, kisha ikapanda mahali pa kupanda, ikapata ule ukwaruzo mdogo wa koo alioupata Inna baada ya kifua cha mwaka juzi. Dakika baada ya dakika iliita, inanyamaza, inasikiliza, inaita tena, na Barira alihisi nywele za shingo zikisimama na wakati huohuo alihisi kifua chake kinafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua za miaka mingi, kwa sababu ile sauti ilikuwa inakaribia, ilikuwa imebakiza kidogo sana, na ilipofika dakika ya thelathini na saba mdomo na sauti vikakutana, na mama yake, akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kwa upole ambao hakupata kumwonyesha hata siku moja, akasema:

"Barira."

Barira akafungua kinywa kuitika.

Tanko akang'oa waya ukutani. Kioo kikazima.

"Mbona umezima?" Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mgonjwa.

"Kwa sababu ilikuwa inakungoja wewe," alisema Tanko. "Asubuhi nilipoitazama peke yangu haikuita. Ilikaa pale dakika zote zile, ikitazama benchi lako."

*

Goggo Dije alikuwa akipembua mtama uani. Alimtazama Barira akiingia, akacheka. "Karani wetu wa mababu. Leo umeandika wafu wangapi?"

"Goggo, Inna kaniita."

"Kakuitaje?"

"Kwa jina. Kwenye ile video. Nimesikia mwenyewe."

Ungo ukasimama mikononi mwa yule mama. Mtama ukashuka chembe chembe, naye akasema kwa sauti ya chini sana, kama kuna mtu wa tatu, "Lantana? Akuite wewe jina?"

"Mara nyingi."

"Njoo ukae hapa karibu yangu. Usiseme kwa sauti." Alimshika kifundo cha mkono. "Nilikuwa naye anakata roho. Nilimuosha kwa mikono yangu hii. Jina lako halikutoka kinywani mwake hata pumzi ya mwisho. Alisema, 'Mwiteni yule wa kwa Dije.' Akafa wewe uko njiani kutoka shuleni. Mtu aliyelishika jina lako mpaka mautini, leo akalitupe kwenye kompyuta ya Tanko? Mwanangu, ulimwitika?"

"Bado."

"Sema wallahi."

"Wallahi, bado."

"Basi yule si Lantana," alisema Goggo Dije. "Nawe umefanya jambo. Niambie ulilolifanya."

Akamwambia. Goggo hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alichukua mtandio wake tu, wakatoka.

Gwani Sagiru, mwalimu wa Kurani wa mtaa, aliwasikiliza akiwa anachonga kalamu ya mwanzi. Aliuliza maswali mawili: kama ilianza kuita kabla ya ombi au baada, na kama kompyuta ilikuwa bado na faili ile.

"Kompyuta mimi siijui," alisema. "Ila jini namjua kidogo. Huyu hakuvunja nyumba, umemwalika. Ulimwomba awe mama yako, naye anajifunza kazi hiyo. Sasa sikiliza vizuri. Mama ana haki juu ya mwanawe. Akiita, mwana huitika. Akisema njaa, mwana hupika. Akisema njoo, mwana huenda. Siku utakayomwitika umemkubali, na atazidai haki zote. Mimi nitamwondoa. Lakini nikishamwondoa atakuwa nje ya mlango, na mlango ni mdomo wako."

"Kwa muda gani?"

"Umri wako wote."

Aliandika aya kwenye ubao wake kwa wino mweusi, akauosha kwa maji, akampa maji yale anywe kwenye kibuyu, siku saba.

Siku ya kwanza sauti iliita redioni, katikati ya habari za alasiri, mtangazaji akanyamaza, ikaita, mtangazaji akaendelea. Siku ya pili iliita shuleni, Barira akiwa darasani na watoto sitini wakiimba jedwali la saba, ikaita kutoka katikati yao kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na hakuna mtoto hata mmoja aliyegeuka. Siku ya tatu iliita nyumbani, kutoka chumba cha Inna kilichokuwa kimefungwa kwa kufuli tangu siku ya mazishi, akiwa anachota maji, jua liko kichwani, kila kitu uani kinaonekana wazi mpaka nyufa za ukuta, harufu ya udi uliolowa ikapita chini ya mlango, na ilimwita kwa subira, bila hasira, kama mama anayejua mtoto yuko pale na amekasirika tu, atakuja, na Barira akajaza mdomo maji ya mtungi akasimama mashavu yamevimba, machozi yanateremka, asimeze wala asiteme, hadi ikanyamaza.

Jioni hiyo Gwani alikwenda naye dukani kwa Tanko. Alikaa kwenye benchi akasoma, na Tanko, jasho linamtoka, akazifuta faili zote tatu zilizogeuzwa. Ile ya asili Gwani alisema ibaki, kwa kuwa ile ni ya marehemu. Spika zilikuwa mezani, waya zake zimening'inia hazikuchomekwa popote. Zikaita. Mara ya kwanza ilikuwa sauti ya Inna kamili. Mara ya pili ukwaruzo wa koo ulikuwa umetoka. Ikaendelea kuita huku inasahau, inapoteza kupanda na kushuka, mpaka ikawa tena bapa, jina linalosomwa kwenye orodha, kisha silabi tu, kisha pumzi.

"Kwisha," alisema Tanko.

Gwani alivaa viatu vyake.

*

Diski ya Lawwali ilifika na dereva wa Kutonu siku moja kabla ya arobaini. Tanko aliiweka ile programu kwenye kompyuta nyingine, mpya, aliyoazima kwa shemeji yake, na Goggo Dije alikuja kukaa kando ya Barira. Ilichukua robo saa. Barira alitazama namba kabla ya picha. Dakika kumi na moja, sekunde nne.

Inna alihesabu mababu kwa vidole. Lawwali akacheka nyuma ya kamera. "Na Barira je, Inna?"

Hapakuwa na mkwaruzo. Inna aligeuza uso ukutani. Akavuta mtandio mpaka puani. Lawwali akasema, "Inna, hapa hakuna watu, ni mimi tu," naye akatikisa kichwa. Alibaki hivyo, mgongo kwa kamera, mabega yake yakipanda na kushuka, kwa sekunde ishirini na sita. Kisha akageuka, macho mekundu, akasema, "Tulikuwa tumefika wapi? Ndiyo, mke wa pili wa Malam Haruna," akaendelea na mambo ya Damagaram hadi mwisho.

Tanko alitoka nje bila kuambiwa.

"Umeona?" Goggo Dije alisema taratibu. "Wenzako wote amewataja, wala hakuhitaji kujificha. Wewe ndiye uliyemshinda. Hayo ndiyo maneno yake kwako, mwanangu. Hata mimi nisingeweza kukupa makubwa kuliko hayo."

"Nimeona, Goggo."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na alikuwa ameelewa. Aliandika kwenye daftari: *alinyamaza sekunde ishirini na sita.* Diski zikachomwa. Ndugu walikuja, dua ikasomwa, ugali wa tuwo ukaliwa, wanawake walilia mbele ya televisheni na kuisifu kazi. Baada ya alasiri ya siku ya pili wa mwisho wao akapanda gari la Zinder, na Goggo Dije akarudi kwake kulala, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba.

Barira alikaa uani akinakili majina kwenye daftari jipya. Upepo ulikuwa umetulia. Kutoka chumbani kwa Inna, nyuma ya kufuli, kitu kikavuta pumzi.

"Barira."

Ilikuwa bapa, bila koo, bila mapenzi, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. Ilikuwa imeanza tena mwanzo.

Alijua ni nini. Hakudanganyika hata kidogo, na kama Gwani angekuwepo angemjibu maswali yote bila kukosea. Alifikiria mgongo ule uliogeukia ukuta, na mabega, na alijaribu kwa nguvu zake zote viwe vinamtosha. Alijaribu muda mrefu. Jua likasogea kutoka kwenye ukuta.

"Barira," ikaita, sasa ikipanda kidogo mahali pa kupanda.

Alifunika kalamu. Alivua viatu, akaenda mpaka kwenye mlango, akapiga magoti kama binti anavyopiga magoti akiitwa na mama yake.

"Abee, Inna."

Sauti ikaja kutoka karibu kabisa na ubao wa mlango, kamili, na ule ukwaruzo mdogo wa koo.

"Fungua, mwanangu," ikasema. "Nina njaa."